Kivike wa Luvanda na Sheria ya Mchanga

Kaeni, enyi watu wa Itengule, na mwenye haya ainamishe uso tangu sasa, kwa maana habari hii haikutungwa ili kuwasifu. Ni habari ya Kivike mwana wa Luvanda, mwana wa Mdegela mfua vyuma, mwana wa Ngailo aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka milima ya ukungu akawasha moto wa kwanza juu ya ukingo huu. Kivike Mng'oa Visiki, Kivike Mkono wa Kushoto, dume la watu lililowainamisha wazungu migongo bila kuinua mkuki. Mambo haya yalikuwa zama zile ambazo chai ilikuwa bado changa mabondeni, barabara ya malori ilikuwa tope tupu, na mzee mwenye wajukuu aliitwa boi na kijana aliyeshuka melini juzi. Watoto wa shule huambiwa kwamba uwanja wa gofu wa Itengule uliletwa na mzungu. Uongo huo nao tutaufikia.

Kivike alizaliwa akiwa amekishika kitovu chake kwa mkono wa kushoto, na bibi yake, aliyempokea, alitazama ile ngumi ndogo akatamka mbele ya wanawake wote: "Mkono huu utawapa wengi, na hautapokea." Wakaosha mtoto, wakampa ziwa, na maneno yale yakakaa yakimsubiri akue.

Alikua upesi, na nguvu zake zilitangulia umri wake. Alipokuwa hajaota hata ndevu, alimkuta baba yake akifua majembe huku jua likimchoma mgongoni, akaikumbatia ile fuawe ya chuma ambayo watu wazima waliisogeza kwa kuipenyezea magogo, akaihamishia kivulini peke yake, kisha akarudi kuvukuta mifuo kama mtu aliyehamisha kigoda. Luvanda alilia kidogo, kwa kuwa alijua kwamba mtu mwenye nguvu kiasi hicho dunia haimwachi atulie.

Luvanda alikuwa na mtoto mwingine, binti, Vumilia, mdogo wake Kivike. Kama kaka alipewa mkono, dada alipewa jicho. Vumilia Jicho la Mwewe aliweza kusimama mlangoni kwa baba yake akaona ndama aliyepotea katika ukingo wa pili, na akamtaja mwenye ndama. Walipokuwa wakichoma makaa pamoja, Kivike alikuwa akimwambia, "Mimi ni mkono, wewe ni jicho, mdogo wangu. Mkono usio na jicho hupiga hewa." Naye Vumilia alicheka kwa furaha, maana hakuna aliyempenda duniani kama alivyompenda kaka yake. Yashikeni maneno hayo.

Basi alikuja meneja wa shamba la chai, mzungu mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Mluzi, kwa sababu hakuwahi kupita mahali bila kupiga mluzi. Huyo alitaka uwanja wa gofu, mchezo wa kupiga kimpira kwa fimbo ya chuma hadi kitumbukie katika shimo la mbali, na katika nchi yote iliyomzunguka, yenye mabonde na vilima visivyo na idadi, jicho lake lilitua juu ya ukingo wa Ngailo, mahali pa malisho yetu na makaburi yetu. Wapimaji wake walipigilia vigingi vya miti. Kivike akaving'oa. Walipigilia vya chuma, navyo akaving'oa, akavipeleka kwenye moto wa baba yake, na asubuhi moja akamwendea Mluzi akiwa na mzigo wa majembe mapya begani. Akautua miguuni pake akasema, "Bwana, chuma chako kilikuwa kimelala bure kule mlimani. Nimekirudisha kikiwa na kazi."

Mluzi alikuwa na askari, na askari walikuwa na bunduki. Lakini hakuwa mjinga. Aliona kwamba mtu kama huyo, ukimpiga risasi, utabaki na visiki vyako. Wakakaa kitako mbele ya wazee, na Kivike akatamka maneno ambayo babu zetu waliyahifadhi:

"Ardhi hii utaichukua, kwa kuwa wewe una bunduki na mimi nina nyundo. Lakini bila mimi utapata msitu, na pamoja nami utapata uwanja. Nitakung'olea kila kisiki. Nawe utaapa mbele ya hawa wazee, na mbele ya mkeo, mambo mawili: makaburi ya baba zangu yabaki nje ya mchezo wako, na sheria ya mchanga nitaiweka mimi."

Mluzi alicheka, akaapa. Hakujua ni mchanga gani unaosemwa.

Kazi ile, enyi watu, haijafanywa tena na yeyote. Kivike alifyeka, akachoma, akang'oa. Kisiki cha mkuyu mkubwa uliokuwa bondeni, ambacho kiliwashinda ng'ombe wa kulimia hadi kamba zikakatika, alikizungushia ngozi mbichi, akaiweka begani, akavuta toka jua kuchomoza hadi likatua, na kilipotoka kilitoka na ardhi yake yote, na maji yakajaa pale kilipokuwa. Lile bwawa mnaloliona, ambamo mipira ya mabwana huzama na watoto wenu huiopoa, ni kovu la kisiki kile.

Lakini baridi ya ukingo huu haina urafiki, na Kivike alilijua hilo tangu mwanzo. Kila walipopanda majani mafupi kuzunguka mashimo, sakitu, ule umande unaoganda kuwa barafu, ilishuka ikayaunguza. Ndipo Kivike alipobeba mchanga kutoka mto Mgega, vikapu kwa vikapu, akauchanganya na oili chafu ya malori ya kiwandani ili upepo usiupeperushe, akaumwaga kuzunguka kila shimo katika duara moja jeusi, laini, lenye kunuka gereji. Mchanga wa namna hiyo una tabia moja: hausahau. Kuku akipita, utamjua. Kwa hiyo kila wachezaji wanapomaliza shimo lazima mtu avute juu yake ubao uliopigiliwa gunia, apasawazishe, ili wanaofuata wasikute mabonde ya visigino vya wenzao.

Siku ya kufungua uwanja walikuja wazungu wa mashamba yote, soksi zao nyeupe hadi magotini, na watu wetu wakakaa mtelemkoni kutazama. Mluzi alipiga, akatembea, akakanyaga duara la kwanza, akauingiza mpira shimoni, akapigiwa makofi, kisha akamwashiria kwa kidole mmoja wa wabeba mikoba, hao tunaowaita makedi, aje avute gunia. Kivike akatoka kati ya watu, nyundo mkononi, akasimama ukingoni mwa duara.

"Mchanga huu una sheria," alisema. "Nyayo hufutwa na aliyeziweka. Mkubwa kwa mdogo, mweupe kwa mweusi, kila mtu atavuta gunia juu ya nyayo zake mwenyewe. Na atakayefutiwa na mwingine, mguu wake usikanyage tena hapa."

Uso wa Mluzi uliiva kama nyanya. Aliwatazama wazee aliowaapia, akamtazama mkewe, na mkewe akatazama pembeni. Kisha mtu yule, ambaye kwa neno lake moja familia ilitolewa nyumbani na vyungu vyake, aliinama, akashika kamba, akavuta gunia. Mgongo wake ulionekana na watu wote. Vumilia, aliyeketi mbali kuliko wengine kwa sababu hakuhitaji kuketi karibu, aliona jasho likimtoka bwana yule nyuma ya masikio, akaziba mdomo kwa kanga yake. Hakuna aliyeshangilia. Watu walirudi majumbani, na wale ambao hawakuwa na chakula siku ile walilala wameshiba.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mchanga, na ilisimama miaka yote ya wazungu. Katika shamba zima, kuanzia kiwandani hadi ofisini, hapo tu ndipo mzungu alipojiinamia mwenyewe. Jumatatu, uwanja ulipopumzika, ulikuwa wetu, na Kivike alicheza kwa fimbo aliyoifua yeye mwenyewe kutokana na springi ya lori, fimbo ya mkono wa kushoto, nyeusi, nzito, ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuizungusha bila kuteguka kiuno.

Sasa nauma ulimi, maana nafika kwa Chelestino.

Chelestino alikuwa mwana wa Vumilia. Baba yake alifia kiwandani mtoto angali mgongoni, na Kivike, ambaye hakujaliwa mtoto wake mwenyewe, alimchukua akamlea. Alimbeba mabegani kwenda uwanjani, akamfundisha kushika fimbo akiwa amemkumbatia kwa nyuma, akauza ng'ombe wake wote, hata yule wa maziwa, ili kijana asome. Siku Chelestino alipopatwa na homa kali, ni Kivike aliyembeba hadi hospitali ya misheni ng'ambo ya mto uliofurika, maji yakimfika kidevuni na mtoto akiwa juu ya kichwa chake, huku mama mtu akiwafuata kwa jicho tu kutoka ukingoni, akihesabu kila hatua kama shanga za rozari. Asante ya punda ni mateke. Lakini punda hana shule; huyu alikuwa nayo.

Bendera ikabadilika. Mluzi akaondoka na mbwa zake, na klabu ikabaki mikononi mwa watu wetu wenyewe: makarani waliopanda vyeo, mameneja wapya wa shamba, maofisa wa mjini wenye magari. Wakamchagua Chelestino kuwa mwenyekiti. Vumilia alicheza ngoma siku ile hadi kanga ikamdondoka. Kivike alikaa kwenye kigoda akitabasamu, mkono wa kushoto ukiwa umelala gotini, akaamini kwamba bibi yake alikosea, kwamba sasa mkono ule ungepokea.

Jumapili ya kwanza, mwenyekiti mpya alifika kwenye duara la mwisho na wageni wake. Akautia mpira shimoni, akaokota kamba ya gunia, akamrushia kedi mmoja mzee, mtu wa rika la mjomba wake, akasema neno moja: "Futa."

Mzee yule alisimama na kamba mkononi, akamtazama Kivike.

"Chelestino, mwanangu," Kivike alisema kwa upole, "umesahau kamba yako."

"Shikamoo, mjomba. Sijasahau." Chelestino alicheka ili wageni wake nao wacheke, nao wakacheka. "Ile sheria uliiweka kuwaadhibu wakoloni. Wakoloni wamekwenda. Sasa mimi nitamwinamia nani?"

"Utauinamia mchanga."

"Mimi ni mwenyekiti, mjomba!"

"Ndiyo maana nasema uanze wewe."

Vicheko vilikatika. Chelestino aliona wageni wake wakitazamana, akaona kwamba hawezi kumtoa mjomba wake uwanjani kwa nguvu, kwa kuwa watu wa Itengule wangesimama wote. Na mtu asiye na nguvu, akiwa na elimu, hutafuta hila. Akamshika mjomba wake begani mbele ya watu. "Tusigombane kama watoto," alisema. "Uende kule juu ya ukingo, upige pigo moja. Mpira ukiingia shimoni kwa pigo hilo, mimi na wanachama wote tutavuta gunia hadi kufa. Usipoingia, sheria yako imekufa, na wewe hukanyagi tena hapa."

Hakuna aliyewahi kuuingiza mpira kwa pigo moja kutoka kule juu. Anayepiga hata shimo halioni, kwa sababu kuna kichuguu kinalificha. Kivike aliuliza, "Na nani atashuhudia?"

"Makedi wako. Na mama. Si wewe uliyemwita jicho lako?"

Kivike aligeuka akamtazama dada yake, uso ukamkunjuka. "Kama jicho ni la Vumilia," alisema, "sina neno."

Akapanda ukingo, akiwa mzee sasa, magoti yakilia, ile fimbo nyeusi akiwa ameiegemea. Ukungu ulikuwa umefunika mbingu yote tangu asubuhi. Chini, kuzunguka duara, walisimama makedi, babu zenu hao hao mnaowataja mkitambika, na wanachama na wageni wao, na Chelestino karibu na shimo, na Vumilia hatua chache nyuma yake, moyo ukimdunda kwa ajili ya mmoja, kisha kwa ajili ya mwingine, asijue amwombee nani.

Kivike akapiga. Mlio wa fimbo ile ulishuka bondeni kama nyundo ya Luvanda juu ya fuawe, na wazee waliokuwa majumbani walitoka milangoni wakidhani mfu amerudi kazini. Vumilia aliuona mpira kabla ya wengine. Aliuona ukivuka bwawa, ukivuka miche ya chai, ukishuka juu ya mchanga bila kuruka, ukibingirika, ukichora nyuma yake mstari mwembamba ulionyooka, na ukatumbukia. Aliusikia hata ulivyogonga kuta za shimo.

Hapo ndipo Chelestino alipoinama. Aliutoa mpira shimoni, akautupa kwenye majani nje ya duara, kisha akashika kamba, akavuta gunia juu ya ule mstari, haraka, kwa mikono yake mwenyewe, mpaka mchanga ukawa hauna habari. Katika maisha yake yote, enyi watu, hiyo ndiyo mara pekee aliyovuta gunia.

"Nani kauona mpira ukiingia?" aliuliza.

Babu zenu walitazama vidole vya miguu yao. Walikuwa na nyumba za shamba, walikuwa na watoto, walikuwa na mikoba ya kubeba kesho yake. Mmoja alikohoa. Wengine hata hilo hawakuthubutu.

"Mama?"

Aliita kwa sauti ile ile ya siku ya homa, na Vumilia akahisi uzito wa mtoto mgongoni, ingawa mgongo ulikuwa mtupu kwa miaka mingi. Damu ilimvuta upande huu na damu ikamvuta upande ule. Kivike alikuwa ameanza kushuka, akipunga mkono, akiita kwa mbali kwa furaha ya mtu ambaye mkono wake umeshamwambia kila kitu: "Vumilia! Mdogo wangu! Jicho limeona nini?"

Vumilia akafungua mdomo. "Jua lilikuwa machoni, kaka," alisema. "Sikuona."

Kivike alisimama. Akainua uso akautazama ukungu, mbingu yote, upande hadi upande, kama mtu anayetafuta jua kwa uaminifu ili asimdhulumu mtu. Kisha akautazama mchanga uliovutwa upya ilhali hakuna aliyekuwa amecheza. Hakumtukana mtu. Hakumuuliza Chelestino hata swali. Alimwambia Vumilia tu, "Basi mkono umepiga hewa," na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayezungumzia hali ya hewa, na hilo ndilo lililomuua dada yake kabla ya kifo chake.

Halafu akaingia ndani ya duara, peku, akaenda mpaka kando ya shimo. Akasimama pale kwa uzito wake wote na uzito wa visiki vyote alivyobeba, miguu ikazama. Watu waliguna, kwa kuwa tangu uwanja uwepo hakuna aliyewahi kuziona nyayo za Kivike. Hakuwahi kuondoka bila kuzifuta. Akaichomeka fimbo yake ya chuma kwenye majani, akaruka kamba ya gunia, akatoka.

"Nyayo hufutwa na aliyeziweka," alisema bila kugeuka. "Nami sirudi."

Akapita katikati ya makaburi ya baba zake, akiligusa kila moja, akaingia kwenye ukungu. Vumilia alimfuata kwa macho hadi pale ambapo jicho la mtu mwingine lingeshindwa, na akaendelea kumwona baada ya hapo, mgongo tu, mgongo tu, mpaka naye akashindwa. Walimtafuta mtoni na misituni. Kaburi lake halijulikani hadi leo.

Jioni ile makedi waliamriwa kuzifuta nyayo zile, wakazifuta. Asubuhi zilikuwepo. Mchanga ulichotwa ukaletwa mwingine, zikarudi. Chelestino alizeeka na uenyekiti wake, akapita kando ya nyayo zile kila Jumapili, na hakuwahi kushika kamba. Alipokufa walitundika picha yake barazani mwa klabu, chini ya picha ya Bwana Mluzi, ambaye pameandikwa kuwa ndiye mwanzilishi. Ya Kivike haipo. Nani angeileta?

Vumilia alikwenda klabuni asubuhi iliyofuata. Alimkuta mwanawe akinywa chai na wenzake, akasimama mbele yao akasema, "Niliona. Uliingia." Wakampa kiti. Wakampa chai. "Mama amechoka," walisema. Aliyasema sokoni, aliyasema kanisani katikati ya sala, aliwaambia wachuma chai na vipofu, "Niliona, uliingia," na hakuna aliyembishia, maana wote walijua. Majuto ni mjukuu, na huyo ndiye mjukuu aliyemlea hadi mwisho. Mungu hakumnyang'anya macho. Hata uzeeni, alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, aliwaomba wamgeuze aelekee dirishani, na kutoka pale, ng'ambo ya bonde, aliziona nyayo zile mbili zikiwa zimetuamisha maji ya mvua. Hivyo ndivyo alivyokufa, akiona.

Mimi nimemaliza, na habari hii naiacha hapo mchangani, sitaivutia gunia. Kesho ni Jumapili. Magari yatapanda ukingoni, nanyi mtakimbia kugombea mikoba, na mtazifuta nyayo za watu tangu shimo la kwanza. Mtakapofika lile la mwisho mtazizunguka zile mbili, kama mnavyozizunguka siku zote. Na mgeni akiwauliza ni za nani, mtamjibu kama watu wa Itengule wanavyojibu hata mahakamani, hadi mahakimu wa mjini wamechoka kutuita: kwamba hamkuona, jua lilikuwa machoni.